Namba Moja Iliyotugombanisha

"Kashaija, toka kwangu! Binti yangu si wa kukatwa viungo!"

Nilimfukuza hivyo mchumba wa binti yangu, majirani wa Buswelu wanasikia. Dorotea wangu ana ualbino, nimemlinda miaka ishirini na sita. Asubuhi namba nisiyoijua ilinitumia ujumbe: "Huyo Mhaya hampendi mwanao. Anatafuta viungo vya albino." Nikaamini.

Dorotea alilia. "Mama, ungemuuliza kwanza!"

Jumamosi Kashaija akarudi kuposa, hakuja peke yake. Alikuja na mama yake, Specioza, na Wahaya wenzao wa Buzuruga. Alikuja na Antoni wa chama cha wenye ualbino, na Ng'washi na wenzangu tunaobanika samaki. Kumbe wiki nzima alikuwa anawazungukia. Kila kundi lilikuwa linalia kivyake kwa kusingiziwa.

Shemeji yangu Shigela, baba mdogo wa Dorotea, alikuwepo. Akanuna.

Specioza akanipa simu yake. "Mwenzangu, soma nilichotumiwa."

"Mama wa huyo binti ni mchawi. Tazama macho yake mekundu."

Macho yangu! Miaka thelathini ya moshi wa samaki!

Antoni akazisogeza simu zetu puani, maana haoni vizuri. "Mbona namba ni moja?"

Akaipiga. Ikaita mfukoni mwa Shigela.

"Pokea basi, shemeji, tunakusubiri!" Ng'washi akasema. Watu wakacheka.

Shigela akasimama. "Nalinda ukoo! Wahaya, maalbino, vikongwe wachawi, wote wa nini?"

"Umetumaliza wote, baba mdogo?" Dorotea akamuuliza. "Maana wote tuko hapa."

"Naondoka! Bila mimi nani atawajibu wageni?"

Kweli, kwetu baba akiwa hayupo posa hujibiwa na baba mdogo. Akatoka.

"Jibu wewe uliyemzaa," Ng'washi akaniambia.

Nikasimama. "Kashaija baba, nilikuaibisha. Nisamehe."

"Yameisha, mama. Ulikuwa unamlinda. Sasa tumlinde wote."

Wazazi wenzangu, nawaonya. Ukitumiwa chuki usiimeze peke yako. Mpelekee huyo unayeambiwa umchukie, msome pamoja. Anayekuchongea kwa jirani ndiye anayemchongea jirani kwako. Sisi siku ile tulikubaliana: akiguswa mmoja, tunatoka wote.

Nikanyoosha mgongo, mimi mwanamke wa darasa la saba, nikasema mbele ya wanaume:

"Tumewapokea. Binti ni wenu."

Vigelegele vya Kihaya na vya Kisukuma vikapigwa, hukujua kipi ni kipi.