Watoto wa Kuazima

Rumyana alikuwa anakunja banitsa, ule mkate wa jibini unaopendwa na kila mgeni. Karibu na jiko la kuni, mama mkwe wake, Bibi Velika, alisokota nyuzi nyekundu na nyeupe. Kila Machi ikianza, bibi huyu humfunga kila mtoto wa kijiji cha Yavornitsa uzi mkononi, awe na afya mwaka mzima. Katikati hupenyeza sufu ya buluu. Hakuna bibi mwingine afanyaye hivyo.

"Mkaguzi wa shule anakuja kesho," Rumyana alisema. "Mama, naogopa."

"Unaogopa nini? Ale, anywe, aende zake. Wote hufanya hivyo."

Rumyana alikuwa na sababu ya kuogopa. Watu wote walijua kwamba shule yenye watoto chini ya ishirini hufungwa. Yavornitsa ilikuwa na watoto tisa. Shule ikifungwa, Yana, binti yake wa miaka saba, angepelekwa kuishi bwenini mjini. Wakati wa theluji barabara ya mlimani haipitiki, na mama asingemwona mwanawe wiki nyingi.

Kwa hiyo kijiji kilikuwa na desturi yake. Siku ya ukaguzi watu waliazima watoto. Wapwa na binamu walipandishwa mlimani kwa lori la jirani yao Mitko, wakaketishwa kwenye madawati na kuambiwa wakae kimya. Mkaguzi alihesabu vichwa, akagonga mihuri, kisha akaketi mezani. Mkaguzi mmoja alikunywa rakia, ile pombe kali ya matunda, hadi akasahau kofia yake, na mpaka leo Mitko anaivaa.

Safari hii alikuja mwanamke, Bi. Zornitsa. Bibi Velika alimpokea mlangoni pa shule na sinia ya banitsa.

"Asante bibi, lakini siwezi kula."

"Kwani nimetia sumu?"

"Kanuni zimebadilika. Mkaguzi hapokei chochote kwa anayemkagua."

"Basi waliotunga hizo kanuni hawakulelewa na mama," bibi alinung'unika.

Mwalimu mkuu, Krastyo, alileta mafaili. "Kila kitu kina muhuri, Bi. mkaguzi."

"Nitayasoma baadaye. Zamani tulikagua karatasi. Siku hizi tunakagua kile anachopata mtoto."

Akaingia darasani, akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakikaribia kidevu. Wazazi waliokuwa mlangoni, Rumyana akiwamo, walishangaa. Tangu wazaliwe hawakuwahi kumwona mtu wa serikali akiketi chini kiasi kile. Alimwomba Yana amsomee. Yana akasoma, naye akamsikiliza mpaka mwisho wa ukurasa.

Kisha akamgeukia mvulana mnene wa dawati la nyuma. "Mwalimu wako anaitwa nani?"

Mvulana akatazama dari.

Bi. Zornitsa akatazama mikono ya watoto. "Yana, nani alikufunga uzi huu wenye buluu?"

"Bibi Velika. Hutufunga sisi sote."

"Na wewe, kijana?"

"Mama aliununua sokoni. Mjini."

Mwalimu Krastyo akajifuta jasho. Rumyana akamwona Yana akimtazama, akisubiri kusikia mama yake atasema nini. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Akaumeza.

"Wetu ni tisa," alisema. "Hao wengine tumewaazima."

"Rumyana, umetumaliza!" Mwalimu Krastyo alifoka.

Bi. Zornitsa hakufoka. "Mwalimu, ile sheria ya watoto ishirini ilibadilishwa mwaka jana. Shule iliyo peke yake mlimani, ambayo barabara yake hufungwa na theluji, inalindwa hata ikiwa na watoto watano. Lakini lazima idadi iwe ya kweli. Ninyi mmeandika ishirini na wawili. Wizara inaona shule imejaa. Nani atailinda shule isiyo na shida?"

"Hatukuambiwa!"

"Kanuni ilitumwa kwa kila shule."

"Itakuwa ndiyo karatasi iliyotumiwa kuwashia jiko," alisema Bibi Velika.

Bi. Zornitsa akawaeleza taratibu. Wazazi wakutane na kuthibitisha idadi ya kweli. Waeleze umbali wa kwenda mjini na jinsi barabara inavyofungwa. Ombi lipelekwe halmashauri kabla mwezi haujaisha. "Nami nitaandika nilichokiona, pamoja na udanganyifu. Mwalimu atajibu kwa hilo. Nitaandika pia kwamba mtoto huyu anasoma vizuri."

Rumyana alisisimka mwili mzima. Maisha yake yote serikali ilikuwa kitu cha kukificha mambo. Leo ilikuwa imeketi kwenye kiti cha mwanawe, na alipoiambia ukweli, ilimwonyesha njia.

Bibi Velika akatoa uzi mmoja na kuushika mkono wa mgeni. Bi. Zornitsa akauvuta mkono taratibu.

"Hata uzi?"

"Hata uzi, bibi." Lakini aliutazama kwa muda mrefu.

Wazazi walikutana jioni ileile. Mwalimu Krastyo alipewa onyo, na tangu hapo kila kanuni mpya huisoma kwa sauti mbele ya wazazi. Ombi likakubaliwa. Shule ikalindwa, na Yana akaendelea kulala kwao.

Korongo waliporudi na mplamu wa shuleni kuchanua maua, watoto walifungua nyuzi zao wakazifunga matawini, kama ilivyo ada. Bibi Velika naye akafunga mmoja, kwenye tawi la juu.

"Huo wa nani, bibi?" Yana aliuliza.

"Wa yule mkaguzi."

"Si alisema hapokei kitu?"

"Ndiyo maana nimeupa mti. Mti haukaguliwi."

Machi iliyofuata Bi. Zornitsa alirudi. Lori la Mitko lilikuwa limeegeshwa tupu. Darasani aliwakuta watoto tisa, na kila mkono ulikuwa na sufu ya buluu. Kabla ya kuondoka alisimama chini ya mplamu, akauona uzi mmoja uliofifia, juu kuliko mkono wa mtoto unavyoweza kufika. Hakuuliza ni wa nani. Alivua kofia yake, akasimama pale mpaka kengele ikalia.