Mbayuwayu wa Tarehe Tano

Kila siku, jua likiwa bado halijachomoza vizuri, Shangazi alifungua mlango wa nyuma taratibu, akatoka na kikombe cha chai mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Nyumba yake ilikuwa ndani ya uzio wa mtambo wa maji wa mji, ambako alifanya kazi ya ufundi wa pampu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mabwawa matatu ya saruji. Humo maji ya mto yalipumzishwa ili tope lishuke chini, kabla ya kutiwa dawa na kusukumwa mjini. Ndege walikuwa wameyapenda mabwawa hayo. Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawatazama kwa nusu saa, akaandika aliowaona, kisha akaenda kazini.

Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka tisa.

Kila asubuhi, wakati huo, binti wa kaka yake alikuwa bado amejifunika shuka gubigubi. Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliishi kwa Shangazi kwa sababu shule ilikuwa jirani. Nyumbani na shuleni walimwita Chiriku, kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haupumziki. Alizungumza akipiga mswaki. Alizungumza akifunga viatu. Mwalimu wa hesabu aliwahi kumhamishia dawati la peke yake, akakuta anazungumza na dawati.

"Lakini Shangazi, ndege si ndege tu?" aliuliza siku moja. "Ukimwona mmoja umewaona wote."

"Na watu je? Ukimwona mmoja umewaona wote?" Shangazi alimjibu, akaendelea kukunja mikono ya ovaroli yake.

Mwishoni mwa mwezi wa nane, Shangazi aliteleza kwenye ngazi ya chuma ya bwawa la pili. Mguu wa kulia ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Alirudi kutoka hospitali na plasta hadi gotini, na onyo la daktari kwamba asiukanyagie mguu huo kwa wiki sita. Dirisha la chumba chake lilitazama jengo la mashine. Bwawa halikuonekana hata kwa kuchungulia.

Jioni hiyo alimwita Chiriku, akamkabidhi daftari.

"Mama, nakuomba unisaidie jambo moja. Kila asubuhi, nusu saa tu kabla ya shule. Kaa kimya. Tazama ukubwa wa ndege, rangi, mdomo, na namna anavyotembea. Hesabu, uandike. Usiyemjua, andika 'simjui'. Mimi mwenyewe nimeandika 'simjui' mara nyingi kuliko jina lolote."

"Hilo tu? Niachie mimi," alisema Chiriku.

Siku ya kwanza alikwenda kweli. Alikaa kwenye ndoo, akaanza kujisimulia ndoto aliyoota usiku. Ndege wakaruka wote kwa mkupuo mmoja, akabaki yeye na maji. Aliandika njiwa wawili waliokuwa mbali juu ya paa.

Siku ya pili ilinyesha mvua. Akafungua kurasa za mwaka uliopita, akanakili: yangeyange wanne, hua watatu, kitwitwi mmoja. Namba alizibadilisha kidogo ili zisifanane. Siku ya tatu haikunyesha, lakini kitanda kilikuwa kitamu, na tayari alikwisha kujua njia ya mkato. Siku ya nne na ya tano mambo yakawa hivyo hivyo. Kila jioni Shangazi aliegemea mto, akasoma ukurasa mpya akitabasamu.

"Kumbe una jicho," alimwambia. "Mimi nilidhani una mdomo tu."

Sifa ile ilimpa Chiriku kichwa. Tarehe tano mwezi wa tisa alitaka kumfurahisha zaidi. Alijua kuna ndege ambao Shangazi huwangoja kila mwaka: mbayuwayu, wale wadogo wenye mkia wa panda, wanaosafiri kutoka mbali sana. Akaandika kwa mwandiko mzuri: "Mbayuwayu watatu."

Shangazi aliposoma, hakutabasamu. Aliketi wima. Akaagiza madaftari ya zamani yaletwe kutoka kabatini, akayapekua moja baada ya jingine.

"Tarehe ishirini na nane. Ishirini na sita. Ishirini na tisa," alisoma. "Miaka tisa hawajawahi kufika kabla ya wiki ya mwisho ya mwezi huu. Una hakika ni mbayuwayu?"

Hapo ndipo Chiriku alipokuwa na nafasi ya kusema ukweli, asiitumie. 

"Nina hakika," alisema kwa sauti ndogo.

Shangazi alichukua simu, akampigia mwalimu mmoja wa chuo anayechunguza safari za ndege. Kila mwaka mwalimu huyo alikuja kunakili daftari lake, kwa kuwa hakuna mtu mwingine mjini aliyekuwa ameandika tarehe hizo mwaka hadi mwaka bila kuruka. Walizungumza kwa muda mrefu. Mwalimu alisema kama ni kweli, hili ni jambo la kuwaandikia wenzake wa vyuo vingine. Angekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Usiku huo Chiriku aligeuka huku, akageuka kule. Kabla ya alfajiri alikuwa na mpango: wakija mbayuwayu kabla ya Jumamosi, hakutakuwa na uongo tena. Alikwenda bwawani giza halijaisha, akakaa, akaomba moyoni waje.

Hawakuja. Lakini kwa kuwa aliogopa kuwafukuza, kwa mara ya kwanza maishani alinyamaza nusu saa nzima.

Na aliponyamaza, asubuhi ikaanza kumjia karibu. Ndege mweusi mwenye shingo ndefu aliibuka majini, akapanda kwenye bomba na kutandaza mabawa yake yote mawili, akatulia hivyo kama koti lililoanikwa. Kitwitwi alipita ukingoni akichezesha mkia juu na chini, kama mtu anayekubali kila anachoambiwa. Kesho yake mdiria, mdogo kuliko ngumi, mwenye rangi ya samawati, alijitupa majini kama jiwe, akatoka na samaki, akampigiza kwenye chuma mara tano kabla ya kummeza. Chiriku aliziba mdomo kwa viganja ili asicheke.

Alikimbia ndani bila hata kufuta miguu.

"Shangazi, yule mweusi anayeanika mabawa ni nani?"

"Mnandi. Manyoya yake hulowa akizama, ndiyo maana anayaanika. Leo umemwona vizuri, eh?"

"Nimemwona mpaka jicho. Ni la kijani." Kisha furaha ikamwishia ghafla, kwa sababu Shangazi alimtazama kwa upendo mwingi mno.

Jumamosi ikafika na mbayuwayu hawakufika. Mwalimu wa chuo alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliamkiana na Shangazi, akakaa mezani, akafungua karatasi zake na kuvua kifuniko cha kalamu.

"Kwa hiyo ni wewe uliyewaona," alimwambia Chiriku. "Walikuwa wanaruka juu ya maji au walitua kwenye waya?"

Jibu lilikuwa rahisi. Lolote kati ya hayo mawili lingetosha. Chiriku aliitazama ncha ya kalamu ikisubiri juu ya karatasi, akamfikiria mtu wa chuo kingine, nchi nyingine, akisoma na kusadiki.

"Sikuwaona," alisema. "Niliandika tu. Siku hiyo nilikuwa nimelala."

 Shangazi alitazama plasta yake.

"Ni siku hiyo moja?" aliuliza bila kuinua uso.

"Siku nane, Shangazi. Tangu tarehe ishirini na tisa hadi tarehe tano. Za baada ya hapo ni za kweli, naapa. Mnandi ni kweli, mdiria ni kweli." Machozi yalimtoka. "Nisamehe. Na wewe mwalimu, nisamehe."

Mwalimu alirudisha kifuniko cha kalamu, akafikiri. Kisha akamsukumia daftari na kalamu yake.

"Piga mstari kwenye kila ukurasa wa uongo. Pembeni andika 'sikuwepo', na utie tarehe ya leo. Usichane hata karatasi moja."

Ilikuwa kazi ya dakika chache, lakini Chiriku aliiona ndefu kuliko mtihani wowote. Kurasa nane. "Sikuwepo" nane. Mwalimu alipoondoka, Shangazi alimsindikiza kwa macho hadi getini. Jioni alikula peke yake chumbani. Adhabu kama hiyo Chiriku alikuwa hajawahi kuipata. Afadhali angegombezwa.

Asubuhi iliyofuata alisikia magongo yakigonga sakafu. Alitoka mbio, akamkuta Shangazi mlangoni, akihangaika kuvuka kizingiti kwa mguu mmoja.

"Daktari alisema usiukanyagie."

"Siukanyagii. Nenda kalete kiti, na kigoda cha kuegeshea mguu. Daftari ulishike wewe."

"Mimi? Bado?"

"Nani mwingine? Mimi mikono imeshikwa na magongo."

Tangu siku hiyo walikaa wawili. Shangazi hakuandika chochote. Chiriku alitazama, akahesabu, akauliza kwa kunong'ona, na ukurasa ulijaa majina machache na "simjui" nyingi. Alishangaa kuona kwamba kila "simjui" ilimfanya atamani kesho ifike.

Tarehe ishirini na saba, vitu vidogo vitano vilikatiza juu ya bwawa la tatu kwa kasi, vikashuka hadi kugusa maji, vikapanda tena. Chiriku hakuishika kalamu. Alitazama mikia. Alitazama tena. Ilikuwa na panda.

"Shangazi," alinong'ona, "mimi naona ni mbayuwayu. Watano. Wewe waonaje?"

Shangazi alikinga macho kwa kiganja, akawafuata mzunguko mzima.

"Ni wao. Andika."

Jioni walimpigia mwalimu wa chuo. Aliuliza maswali yake yote, na yote yalijibiwa: watano, saa kumi na mbili na dakika arobaini, juu ya maji, wakitokea upande wa mto. Akasema ataiandika tarehe hiyo, pamoja na jina la aliyewaona.

Chiriku alikata simu, akabaki ameishikilia. "Kwa nini ameniamini, Shangazi, baada ya yote yale?"

"Kwa sababu ya zile kurasa nane ulizozipiga mstari," Shangazi alisema. "Angejua mwenyewe kwamba umedanganya, leo asingepokea simu yetu, na miaka yangu tisa ingetiliwa shaka pamoja na siku zako nane. Sikiliza, mwanangu. Kulala si kosa kubwa. Kutojua si kosa kabisa. Siku ambayo hukuona kitu, sema hukuona, hata kama kuna mtu unayetaka kumfurahisha. Mimi nilitaka kujua kilichokuwa bwawani, na macho niliyokuwa nayo ni yako tu."

"Sitarudia, Shangazi."

"Najua. Sasa ukalale mapema, maana kesho tunawahesabu upya. Huenda wamekuja na wenzao."