Hodi Ndani ya Injini

Injini ilikuwa imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa fundi, na bado chini ya boneti kitu kiligonga: ko, ko, ko. Kikanyamaza.

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Sikio, hakupenda. Gari halijawahi kumdanganya yeye. Huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini sikioni, akatoa hukumu: tak-tak ni valvu, du-du ni beringi, cha-cha-cha ni mnyororo uliolegea kama kaptula ya mlevi. Lakini mlio huu?

"Mama watoto!" alimwita mkewe, muuza spea wa gereji hiyohiyo. "Inagonga tatu, halafu inasubiri. Huu si mlio. Hii ni hodi."

"Hodi ya nani? Panya huyo."

"Panya mwenye adabu hivi?"

Mwenye gari, mshonaji nguo, alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, juani, pamba masikioni.

"Bwana mshonaji, masikio yana nini?"

"Baridi!" Alijibu upesi mno kwa mtu aliyeyaziba.

Fundi yeyote husaka mlio kwa kugonga chuma. Sikio akachukua spana, akagonga ubavu wa injini mara tatu.

Hodi ikakoma papo hapo. Mshonaji akavuka mbio, akaomba ufunguo, akaondoka bila hata kuuliza ubovu ulikuwa nini. Mteja gani huyo asiyelalamika?

Mchana, wakila, ikaja tena: ko, ko, ko. Gerejini hapakuwa na gari. Fundi akamshuku mkewe, mke akaushuku mguu wa meza, wakaitoa meza nje. Ko, ko, ko. Ndipo mke akachukua bisibisi, akaiweka ncha yake kifuani kwa mumewe na kusikiliza. Moyo aliutambua, ameulalia miaka ishirini. Nyuma yake kulikuwa na kitu kingine, kisicho na haraka, kikibisha kutoka ndani.

Mke alimpigia mshonaji simu, akamweleza.

"Kwani alijibu, shemeji?" mshonaji akanong'ona. "Mara ngapi?"

"Mara moja tu, kwa spana: ko, ko, ko."

"Afadhali. Ukilijibu mara ya kwanza, linaingia. Ukilijibu ya pili, linatoka nawe."

"Nielekeze kwa mganga!"

"Mganga ndiye aliyeniuzia gari."

Alipogeuka, mkono wa kulia wa mumewe ulikuwa umeshainuka, vidole vimekunjwa, ukisogea ukutani polepole huku mwenyewe akiutazama kama mkono wa mtu asiyemjua, akitaka kuurudisha na hajui aanzie wapi, mpaka mke akaurukia kwa mikono miwili na kuubana kifuani.

Tangu siku hiyo hajauachia. Wateja hucheka: "Mapenzi ya uzeeni hayo!" Naye hucheka nao, meno nje, macho chini, kwenye kiatu cha mumewe, ambacho leo asubuhi kisigino chake kimegonga sakafu mara moja, kikatulia, kikagonga ya pili. Bado ya tatu.