Bamba Tupu

Bamba la kupimia nguvu za mruko lilikuwa tupu, lakini kioo kilisoma kilo thelathini.

Mpimaji alilipangusa, akachungulia nyaya, kisha akabonyeza kitufe cha sifuri kama alivyozoea kila asubuhi. Kioo kikatii. Akamwita binti wa marehemu kaka yake, ambaye wanariadha wenzake walimwita Panzi. Vipimo vya siku hiyo ndivyo vingeamua kama ataingia timu ya taifa, na mpimaji alikuwa amemwahidi kaka yake, akiwa mahututi, kwamba mtoto huyu hataharibikiwa mikononi mwake.

Panzi akapanda. Kilo hamsini, kama siku zote. Akaruka, akatua kwa kishindo. Kisha bamba likalia kishindo cha pili.

Wenzake wakamtania kwamba anaruka na kivuli chake. Yeye hakucheka.

"Baba mdogo," akanong'ona, "nani ameruka nyuma yangu?"

Mpimaji alitaka kusema ni hitilafu ya mashine, lakini chumba kilikuwa kimejaa harufu ya udongo mbichi, ileile aliyoivuta alipoinama kumpokea kaka yake kaburini, na juu ya bamba, ambalo Panzi alikwisha kulishuka, vishindo viliendelea polepole, kimoja baada ya kingine, kama vya mtu anayejifunza.

Akaitwa shehe wa msikiti wa jirani. Mpimaji alimweleza kwamba huenda ni marehemu, amekuja kumtazama mwanawe.

"Marehemu yuko kwa Mola wake," shehe akasema. "Muombee, usimsingizie. Huyu ni mwingine."

Akasoma Ayatul Kursi, akapulizia pembe zote za bamba. Vishindo vikakoma. Harufu ikapotea. Kioo kikatikisika, kikasoma kilo thelathini chini ya sifuri.

Hapo mpimaji akaelewa. Asubuhi alipobonyeza kile kitufe, kitu kile kilikuwa kimesimama pale, naye akaifundisha mashine kukihesabu kuwa si kitu. Sasa kilikuwa kimeshuka.

"Ametoka," shehe akasema, akajifuta jasho.

Kwa furaha Panzi akarukia bamba kabla baba yake mdogo hajabonyeza sifuri upya. Sasa kioo kilipaswa kusoma ishirini, yaani hamsini zake kutoa zile thelathini.

Kikasoma hamsini.

"Niko sawa, baba mdogo?" Panzi akauliza, huku akijiweka sawa mabega, kama mama anayempandisha mtoto mgongoni.