Filimbi ya Serahangi Fariñas

Filimbi ilipolia mara ya kwanza Sabela alidhani ni birika. Akaenda jikoni na mtoto begani, akakuta birika limetundikwa msumarini, kavu, na jiko limezimwa. Akarudi chumba cha kulia, na alipovuka tu kizingiti ikalia tena, nyembamba, ikapanda, ikashuka, mwishoni ikakwaruza kama anayeipuliza ana pengo.

Mezani baba mkwe wake, Admirali Leandro Montouto, aliweka kijiko chini. Supu ilimchuruzika kidevuni, hakuifuta.

"Fariñas," alisema.

"Nani, baba?"

"Hakuna mtu. Kaa ule."

Lakini nyumba ile ilikuwa ya wanamaji tangu mababu, hata paka wao angeijua filimbi ile. Ndiyo anayopigiwa mkubwa anapopanda melini. Na Admirali alikuwa amekaa kitini muda wote! Aliyeingia ni Brais, kichanga ambaye hata kukaa bado hajajua. Sabela akahisi bega limelowa. Akadhani mtoto kacheua maziwa. Akanusa: maji ya chumvi, yananuka mafuta yaliyoungua.

Ikawa hivyo kila akivuka mlango ule, kisha kila mlango. Filimbi, halafu mtoto anakohoa bahari. Padri akaja akanyunyiza maji ya baraka, akanywa kahawa, akaondoka. Daktari akasikiliza kifua, akasema mapafu safi kabisa, señora, anayehitaji usingizi ni wewe, na Sabela alitamani amzabe kibao. Mama mkwe, Doña Pura, alibana midomo. "Wasichana wa siku hizi! Mimi nimelea watoto, mume yuko baharini, sikusikia filimbi." Na Íñigo, mumewe, luteni, alikuwa na meli yake mbali huko, kwenye simu akarudia yaleyale: "Baba anajua la kufanya, mpenzi. Baba ameongoza manowari."

Basi akaenda mwenyewe kuwauliza watu Fariñas ni nani. Ferrol, mji wao wa bandari, ni mdogo. Wakamwelekeza mtaa wa Caranza, kwa mjane anayeitwa Dosinda, aliyefungua mlango na kisu cha viazi mkononi.

"Mkwe wa Montouto? Leo jua limetokea magharibi! Pita. Futa miguu."

Akamsimulia bila kuacha kumenya. Mumewe, Fariñas, alikuwa serahangi wa manowari *Santa Tecla*, mkuu wa mabaharia wote wa sitaha. Moto ulipozuka chumba cha mitambo aliteremka na vijana wake kuuzima. Leandro, nahodha wao, akaamuru mfuniko wa chuma ufungwe juu yao, na maji yaingizwe.

"Walikuwa wamekufa, alisema kwenye uchunguzi. Na tena alisema kosa ni la Fariñas, eti aliacha vali ya mafuta wazi. Moto ukawa wa mume wangu, nishani ikawa ya Leandro. Tangu hapo akapanda, akapanda, kila cheo kinamkuta njiani. Mimi hata bendera ya kufunika jeneza sikupewa." Akachoma kisu kwenye kiazi. "Na huyo mtoto wako, mlimfanya nini?"

Sabela akasema. Walimbatiza kama wafanyavyo wanamaji, kengele ya meli imepinduliwa, maji ndani yake, na kengele ilikuwa ya *Santa Tecla*. Halafu kwenye chakula Admirali, divai imempanda, akalaza upanga wake kifuani pa mtoto akatamka maneno ya nahodha anayeachia meli: nakukabidhi amri yangu yote. Wageni wakamjibia mtoto, "Napokea!" Walicheka mpaka machozi.

"Mlicheka," alisema Dosinda. "Binti, meli hukabidhiwa pamoja na matundu yake. Mume wangu alikuwa mtu wa kanuni. Kaambiwa mkubwa kabadilika, basi anamwendea mkubwa mpya."

"Mfukuze, mama. Nakuomba."

"Nimfukuze mume wangu? Kwani yeye ndiye jini hapo?" Akasukuma sufuria. "Mwenye meli aipokee tena. Kwa sauti, mbele ya watu, ataje na kilichomo. Akikataa, mzike mwanao."

Admirali alikataa. Ijumaa ile alikuwa anaandaa karamu, anateuliwa mkuu wa wanamaji wote, cheo alichokisubiri maisha yake. "Nijichafue leo kwa ajili ya mafua ya mtoto?" alinong'ona, maana Doña Pura alikuwa chumba cha pili. "Atakua. Atanishukuru."

Ijumaa mchana, maofisa wamejaa mezani, pweza yuko kwenye sahani, Sabela alisukuma mlango na Brais mikononi. Filimbi ikalia. Wote wakasimama kwa mazoea, viti vikakwaruza sakafu, mmoja akatania, "Nani kaja, mfalme?" na hakuna aliyecheka, kwa sababu harufu ya mafuta yaliyoungua ilikwisha kuingia na chini ya sakafu, pale walipokanyaga, kitu kilikuwa kinagonga, kinagonga kwa ngumi, na mtoto alikuwa amegeuka bluu na maji yanamtoka puani na mdomoni yasiyokwisha, yanamwagika kwenye kitambaa cheupe cha meza, na Sabela akapita katikati ya nishani zote zile akamtupa mtoto kifuani pa babu yake akapiga kelele, "Pokea! Pokea mzigo wako, muuaji we, au ummalize mbele yao!"

"Walikuwa wamekufa," alisema Admirali, na kugonga kukazidi, glasi zikaanguka. Akamtazama mtoto. "Walikuwa hai," alisema. "Walikuwa wanagonga, wananiita jina. Nikasema funga. Vali niliiacha wazi mimi. Napokea. Amri yote, na kilichomo. Napokea."

Kugonga kukakoma. Brais akavuta pumzi, akalia kilio kikavu, kilio kizuri. Wageni wakachukua kofia zao, mmoja mmoja, hakuna aliyepiga saluti.

Sabela alihamia kwa mama yake siku ileile. Mtoto akanenepa. Habari zilimfikia: Admirali amejiuzulu, amelala chali, kitanda hakikauki, Doña Pura anakamua mashuka. Sabela hakumhurumia hata chembe.

Kisha Íñigo akapiga simu. Amerudi nchi kavu.

"Nimetoka kwa baba. Anazama, Sabela. Anazama kitandani, mbele ya macho yangu. Kaniomba nipokee amri yake."

"Usithubutu, Íñigo. Ukipokea, usije huku. Unanisikia? Una mtoto!"

"Ni baba yangu."

"Muuaji!"

"Ni baba yangu," alirudia, polepole, halafu akakohoa, na kikohozi kilikuwa na maji mengi ndani yake. "Nipo hapa mlangoni kwenu. Nifungulie nimwone mwanangu."

Sabela alimweka Brais chini kitandani. Akaenda mlangoni, akasikia matone yakidondoka upande wa pili, akashusha komeo asiingie.