Redio ya Nne

Haya ni kweli tupu, naapa kwa kaburi la mama, na anayesema Musyimi huongeza chumvi aniache nimalize kwanza.

"Wangapi?" redio ya Kathini ilikoroma.

"Watatu, mkuu."

"Jana watatu. Asubuhi tumemshika mmoja. Na bado ni watatu?"

Kathini alitamani kuipiga mashine teke. Jasusi aliyepita mipaka ya nchi saba na bastola ya Glock ndani ya soksi, leo amelala kwenye miiba kando ya mto Tiva, Kitui, akigombana na skrini. Juu ya gari lake, Probox, antena nne zilinasa mawimbi ya redio za walanguzi wa pembe za ndovu. Kazi ya mashine ilikuwa moja tu: kusema ni redio ngapi zinaongea, na ziko upande gani.

Tatu. Kila akiuliza, tatu.

Mwenzake Mbuvi alikuwa kwenye lori la walanguzi, amejifanya dereva. Polisi wakivamia na redio moja ibaki nje, ingetoa onyo. Mbuvi angepigwa risasi wa kwanza.

"Lori limewasha injini," Inspekta Gachanja akasema hewani. "Naingia ama siingii?"

"Ngoja, mkuu."

"Ningoje mpaka wafike Mtito Andei?"

Kathini alizitazama zile antena. Akajitukana kwa Kikamba.

Antena nne haziwezi kutenganisha redio zaidi ya tatu; lazima antena zizidi redio kwa moja. Hata walanguzi wangekuwa kumi, jibu lingekuwa lile lile. Siku mbili nzima anauliza kitu kisichojua kusema nne.

Nyuma ya mashine kulikuwa na matundu mawili matupu. Aling'oa antena ya redio ya gari, akaichomeka. Akakata waya wa uzio uliokuwa karibu, akauchomeka pia.

Sita. Sasa mashine ingeweza kusema hata tano.

Ikasema nne.

Tatu kwenye lori. Ya nne nyuma yake.

Akageuka. Juu ya mwamba, jamaa wa miwani myeusi alikuwa anainua redio ya Motorola.

"Mkuu, ingia."

Jamaa alimwona, akakimbia, akajitupa ndani ya Tiva. Mto ulikuwa umefurika, unabeba miti mizima. Kathini akapiga mbizi, akaogelea chini kwa chini, akaibuka mbele yake na kumpokonya redio kabla hajabonyeza.

"Lori tunalo," Gachanja akasema hewani Kathini alipofika ukingoni. "Mbuvi ni mzima. Anauliza kama umemwekea chakula, ule muthokoi wa mahindi na maharagwe."

"Mwambie nimeumaliza."

Akakamua shati, akaenda zake bila kugeuka.

"Mzee Musyimi." Kalekye, mwenye hoteli tunayokaa hapa Kathonzweni, aliweka birika chini. "Hiyo ilikuwa lini?"

"Julai iliyopita."

"Julai nilikuwa huko Tiva na lori, napakia mchanga palepale mtoni. Hata mbuzi hangepata tone la maji la kulamba. Huyo mtu wako aliogelea wapi?"

Hoteli nzima ikanigeukia. Sheria ya hapo kila mtu anaijua: ukishikwa na uongo, chai ya wote ni yako.

"Lakini hayo ya antena ni kweli," nikasema.

"Antena tutaongea ukishalipa. Na wamesema wanataka mandazi."

Nikatoa pochi.