Utete wa Kupimia Kaunta

Mniwie radhi mapema, hadithi hii nitaiharibu. Mimi kazi yangu ni kuchekesha watu harusini. Jambo la kutisha likipita mdomoni mwangu hutoka limevaa kofia ya mzaha. Vumilieni.

Isdori anakaa Sumbawanga, vyumba viwili na jiko la kugeukia kwa zamu. Kaunta ya humo ilikuwa imeoza. Mkewe Leonia akikata mboga, kisu kinazama kwenye mbao. Fundi Isdori hakumtaka. Mwanaume mzima ashindwe na ubao mmoja? Futi hakuwa nayo, akaenda kuazima kwa jirani. Jirani akampa utete mkavu, umefungwa uzi mweusi kwenye ncha.

Akaulaza juu ya kaunta. Ukaenea ukuta kwa ukuta, kana kwamba ulikatwa kwa kazi hiyo.

Jua likizama, alikuwa kwa mzee Teodori, muuza mbao. Akamwamkia, akamnyooshea utete. Mzee aliuona ule uzi, akarudisha mkono nyuma.

"Huu umeshampima mtu, mwanangu."

Akamweleza kwamba kijijini kwao maiti hupimwa kwa utete ili seremala achonge jeneza, kisha utete hutupwa kaburini. Ukibaki juu ya ardhi, hutafuta mwingine wa kumpima.

Isdori akacheka, akashika msumeno mwenyewe.

Ubao ulikaa vizuri mno. Akapiga misumari, akapanga sufuria, akamwita mkewe aje asifie. Leonia akapitisha kiganja juu ya mbao.

"Baba Faith, mbona ya baridi hivi?"

Halafu akanusa. Mbao mbichi ya paina... inanuka ubani wa msibani.

Krrr.

Isdori akainama na taa. Kati ya ubao na ukuta palikuwa na pengo la shibiri nzima. Msumari hata mmoja haukung'oka. Ubao ndio uliopungua.

Akatafuta utete kwa macho. Ulikuwa umeegemea ukuta, nyuma ya Leonia. Mchana ulimzidi mwanamke huyo kwa shibiri. Sasa uliishia utosini mwake.

Si juu. Si chini.

"Siisikii miguu," Leonia alinong'ona.

"Inama, mama Faith. Usigeuke. Toka umeinama."

Alipomfikisha uani, akarudi ndani, akaunyakua utete, akakimbia peku hadi kwa jirani. Hodi hakupiga. Aliuliza jambo moja tu: utete huu ulimpima nani?

Jirani akakiri. Ulimpima marehemu Nestory, kule Matai. Alikabidhiwa autupe kaburini, akawa anawachekesha waombolezaji, akasahau, akarudi na utete kwapani.

Leonia alilala amejikunja, miguu baridi kama mawe. Kulipokucha jirani akapanda gari la Matai, akauzika utete kaburini kwa Nestory. Saa ileile, Isdori anasema, Leonia aliomba uji wa ulezi, akasimama akaupika mwenyewe. Lile pengo bado lipo. Hakuna anayeingiza mkono humo.

Jirani huyo ni mimi. Na pale kaburini, kabla sijaufukia, niliusimamisha ubavuni mwangu, mzaha tu...

Ulinifika utosini.

Tangu hapo natembea nimeinama. Na siku ile Isdori alipokuja, futi ya chuma ilikuwa ndani ya koti langu, lililotundikwa kwenye msumari wa mlangoni. Utete ulikuwa karibu na kiti. Niliona uvivu kusimama. Leo natamani kusimama wima, nathubutu wapi?